Kwa Nini Jirani Mwema Hututisha Kuliko Zimwi?

Je, wajua kwamba mojawapo ya silaha za mauaji zinazokumbukwa sana katika historia ya televisheni ni paja la kondoo? Na kwamba polisi waliokuwa wakiitafuta silaha hiyo ndio walioila?

Ilikuwa tarehe 13 Aprili 1958, katika mfululizo wa Marekani uitwao Alfred Hitchcock Presents, wa mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock. Barbara Bel Geddes aliigiza Mary Maloney, mke mpole mwenye mimba, anayempokea mumewe jioni kwa kinywaji na maneno laini. Mume ni mkuu wa polisi. Anamwambia anamwacha, ana mwanamke mwingine. Mary anakwenda kwenye friza kutafuta kitu cha kupika, anatoa paja la kondoo lililoganda, anampiga nalo kisogoni. Kisha analitia paja kwenye oveni, anatoka kwenda dukani, anarudi, anavuruga sebule na kuwapigia simu polisi. Wapelelezi wanaihangaikia silaha hadi wanachoka, naye anawakaribisha chakula. Wakiwa wanatafuna, mmoja anasema huenda silaha yenyewe iko mbele ya pua zao. Mary, aliyeketi chumba cha pili, anaanza kucheka.

Kanuni za televisheni za wakati ule hazikuruhusu mhalifu aonekane amefaulu. Basi mwishoni Hitchcock mwenyewe alijitokeza kueleza kwamba Mary alikamatwa baadaye, alipojaribu kumuua mume wa pili kwa njia ile ile: mume huyo alikuwa amesahau kuchomeka friza kwenye umeme, nyama ikawa laini. Kwangu mimi maelezo hayo yanazidisha hofu badala ya kuipunguza. Maana yake ni kwamba mama yule alibaki huru muda wa kutosha kupendwa tena, kuolewa tena, na kusalimiwa na mtaa mzima kila asubuhi.

Hakuna mzuka hapo, wala makaburi, na damu haionekani. Mbona tunaogopa?

Sababu ya kwanza ni kwamba sisi watazamaji tunajua. Mwaka 1962 Hitchcock alimfafanulia jambo hili mwongozaji wa Ufaransa, François Truffaut. Watu wameketi mezani wanazungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila taarifa, mtazamaji atashtuka kwa sekunde 15. Lakini akionyeshwa bomu mapema, mazungumzo yale yale yasiyo na maana yatamweka roho juu kwa dakika 15. Siri ya jirani hufanya kazi hiyo hiyo. Ukishaijua, kila “karibu ndani” yake inakuwa nzito, na unatamani kumpigia kelele mgeni asivuke kizingiti.

Sababu ya pili ni ukarimu wenyewe. Sehemu nyingine ya mfululizo huo, iitwayo “Arthur”, iliyorushwa tarehe 27 Septemba 1959, inamhusu mfugaji wa kuku, mtu nadhifu, mwenye adabu, aliyeigizwa na Laurence Harvey. Tangu mwanzo anazungumza nasi moja kwa moja na kukiri kwamba ni muuaji. Mchumba wake wa zamani, aliyemwacha akaolewa na mwingine, amerudi na kuvuruga maisha yake yaliyopangika; naye akamuua. Polisi wanapekua shamba, hawapati mwili. Sisi tunakuja kuelewa kwa kuitazama mashine ya kusagia chakula cha kuku. Mwaka uliofuata Hitchcock alitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni kutengeneza filamu ya Psycho, ambamo kijana mpole mwenye nyumba ya wageni anamwandalia mgeni wake mkate na maziwa kabla ya yote kuharibika.

Mara tatu chakula. Sidhani kama ni bahati tu. Kula kwa mtu ni kumwamini bila kumhoji, na hadithi hizi zinaingilia hapo hapo. Wahenga walitufariji kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hitchcock anaugeuza msemo huo: likujualo linajua unalala saa ngapi, mlango gani haufungi sawasawa, na chakula gani huwezi kukikataa.

Sababu ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko zote, ni wakati na mahali. Mwaka 1950 ni kaya 9 hivi kati ya 100 za Marekani zilizokuwa na televisheni; kufikia 1960 zilikuwa karibu 87. Miaka hiyo hiyo vitongoji vipya vilichipuka. Levittown, karibu na jiji la New York, ilianza kujengwa mwaka 1947 na ikafikia nyumba zaidi ya 17,000. Familia zilihamia humo kutoka kila upande. Kijijini unamjua jirani kwa babu yake na ugomvi wa mashamba wa miaka 30 iliyopita. Kitongojini unamjua kwa tabasamu, gari lake na jina alilokutajia mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa nani, huna wa kumuuliza. Anayeishi nyumba za kupanga Nairobi au Dar es Salaam analijua hili vizuri: mnasalimiana kila siku, mnaazimana chumvi, na bado hujui anatoka wapi.

Halafu kuna upande wa kazi ya kutengeneza kipindi. Kila sehemu ilikuwa ya nusu saa, pamoja na matangazo. Nyumba moja, waigizaji wachache na friza vilitosha. Hapakuhitajika vinyago wala majumba ya kale. Mfululizo huo wa nusu saa ulianza tarehe 2 Oktoba 1955 na kufikia sehemu 268. Hitchcock aliziongoza mwenyewe 17 tu, na ile ya paja la kondoo na ile ya mfugaji wa kuku ni miongoni mwake.