Je, Wajua Kwa Nini Piza ya Tanuri la Kuni Huiva kwa Sekunde 90?

Umeketi kwenye mkahawa wenye tanuri la kuni, iwe ni Milimani ya Kisumu au Milimani ya Nakuru. Umeagiza piza, na kabla hata divai haijamiminwa, sahani imefika. Ukingo una madoa meusi, katikati ni laini kiasi cha kuinama ukiinua kipande. Wateja wengi huona imeungua nje na kubaki mbichi ndani, wakairudisha jikoni. Mara nyingi piza hiyo haina kosa lolote.

Oveni ya nyumbani hufika nyuzi joto 250 za Selsiasi hivi, na piza hukaa humo dakika 10 au zaidi. Chama cha wapishi wa piza cha Napoli, Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinataka sakafu ya tanuri iwe kati ya nyuzi 380 na 430, chini ya kuba ifike takriban 485, na piza itoke baada ya sekunde 60 hadi 90. Joto la mnururisho, lile unalolihisi usoni ukikaa karibu na jiko la makaa, haliongezeki polepole. Kuba la nyuzi 485 humwaga joto zaidi ya mara nne ya lile linalotoka kwenye kuta za oveni ya nyuzi 250. Huko juu jibini linayeyuka na ukingo unaumuka, huku sakafu ikikausha upande wa chini.

Basi mbona chini hapaungui? Jibu liko kwenye matofali. Fikiria mwiko wa mbao na kijiko cha chuma vilivyoachwa kwenye sufuria moja: mwiko unaushika, kijiko kinakuunguza, kwa sababu chuma hupeleka joto mkononi haraka kuliko mbao. Tofali la udongo wa kuhimili moto nalo hulitoa joto lake taratibu. Weka piza kwenye bamba la chuma lenye nyuzi 430 na chini patakuwa kaa kabla jibini halijayeyuka.

Madoa yale yanatokana na mapovu ya hewa. Unga ulioachwa uchachuke usiku kucha una mapovu mengi, na ngozi ya kila povu ni nyembamba mno, kwa hiyo hushika moto kabla ya sehemu nene zilizo kando yake. Madoa yenye ukubwa wa punje ya haragwe, yaliyotawanyika ukingoni, ni dalili ya unga uliopewa muda wake. Inua kipande utazame chini: unataka madoa ya kahawia kama ya chapati iliyopikwa vizuri. Ukikuta weusi uliotanda kote na ladha chungu, hapo lalamika. Ama sakafu ilikuwa moto kupita kiasi, ama mpishi alinyunyiza unga mwingi mno kwenye beleshi la kuingizia piza, na unga huo mkavu ukaungua sakafuni.

Kisa cha pili ni maji. Sekunde 90 hazitoshi kukausha kitu. Mchuzi wa nyanya mwepesi au mozarela mbichi isiyochujwa huacha kidimbwi katikati, na hicho ni kosa la jikoni, tofauti na ulaini wa kawaida. Kwa sababu hiyohiyo kuku, soseji na uyoga mwingi hupikwa kwanza pembeni. Anayeomba vitu sita juu ya piza moja anajitafutia piza ya majimaji.

Unga wenyewe ni rahisi: kilo 1 ya unga wa ngano, maji gramu 620, chumvi gramu 28, hamira kavu gramu 1 hadi 2. Unapata madonge 6 ya gramu 270 hivi. Aliyezoea kukanda mandazi atashawishika kutia sukari. Asitie, kwani sukari katika joto hili hugeuka nyeusi kabla unga haujaiva. Ukitumia unga wa kawaida wa chapati, ambao protini yake ni kidogo kuliko ya unga wa mkate, punguza maji hadi gramu 580, la sivyo donge litatanda mezani na kuchanika ukilinyoosha. Kisumu joto la mchana huchachusha unga mbio. Donge lililopangiwa kukaa saa 8 nje ya friji linaweza kuwa limepita wakati wake baada ya saa 5 tu. Afadhali lilale kwenye friji, litolewe saa 2 kabla ya kupikwa.

Kuni ndizo hasa zinazotenganisha mkahawa makini na mwingine. Zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Zikiwa mbichi, sehemu kubwa ya moto huishia kuchemsha maji yaliyomo, moshi unajaa, na sakafu haifiki joto lake. Magharibi mwa Kenya, wakati wa mvua za masika, kuni zilizoachwa nje ni taabu tupu. Gonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mdundo mzito. Mkaratusi uliokauka vizuri unafaa sana; msonobari una utomvu unaoacha masizi. Na tuseme wazi: ladha ya moshi kwenye piza ni kidogo sana, kwa kuwa moshi hupita juu kwenye kuba na kutoka. Unachoonja ni kazi ya joto.

Ukiwa umekaa karibu, chungulia kuba. Moto ukiwashwa, kuba huwa jeusi kwa masizi. Baada ya saa mbili tatu masizi huungua na matofali hurudi rangi yake. Hapo tanuri liko tayari. Ijumaa usiku piza zikifuatana, sakafu hupoa huku kuba likibaki moto, ndipo unapata juu kumeiva na chini kumepauka. Mpishi hodari hubadilisha mahali pa kuweka piza, au husambaza makaa sakafuni, akasubiri kidogo, kisha akafagia.

Kuhusu divai, nyanya zina ukali wa asidi, na divai nyekundu nzito yenye kukaza ulimi huonekana chungu zaidi kando yake. Chagua nyekundu nyepesi. Ule ushauri wa kuinywa kwa joto la chumba ulitoka nchi za baridi. Chumba cha Kisumu chenye nyuzi 28 huifanya inuke pombe tu. Omba chupa ikae kwenye friji dakika 30 kwanza. Kama umeagiza piza ya pilipili, epuka divai yenye kileo kingi, maana huchochea mwasho.

Halafu kula papo hapo. Baada ya dakika 10 ukingo mwembamba huanza kuwa kama ngozi, na ndani ya boksi lililofungwa mvuke hulainisha kila kitu. Ukilazimika kubeba, acha kifuniko wazi kidogo, na nyumbani ipashe kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika 3 hadi 4.