Samaki wa Baruti na Macho ya Walioko Feri

Dau likitia nanga asubuhi feri ya Mtwara, mchuuzi mzoefu haulizi samaki kavuliwa vipi. Anambonyeza changu mgongoni kwa dole gumba. Nyama ikiwa imelegea na uti wa mgongo umevunjika, anajua huyo ni wa baruti. Kinachofuata ndicho kinachotuhusu sisi tunaofuatilia tabia za watu. Mama huyo akicheka kidogo, akashusha bei na kulipa, kijana mbeba matenga aliyesimama pembeni ameshapata somo. Uvuvi wa baruti ni marufuku nchini tangu mwaka 1970, lakini kijana hajasoma sheria hiyo. Amesoma uso wa mchuuzi.

Mtu anayetaka kuvunja utaratibu hupima mambo mawili: wenzangu wanafanya nini, na wataniangaliaje nikifanya. Faini iko mbali huko, jicho la jirani liko hapo hapo.

Tatizo ni kwamba ukimya hudanganya. Tuseme wamesimama watu kumi, na kati yao wanane wameudhika. Kila mmoja akiwatupia jicho wenzake anaona wametulia, anajisemea: kumbe ni mimi tu! Naye ananyamaza. Mvunja sheria anahesabu kumi walioridhia.

Jirani zetu Kenya walijaribiwa kwenye jambo hili. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walibandika ndani ya matatu vibandiko vinavyowahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, yalionyesha madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio lenyewe halikuongeza kituo hata kimoja cha trafiki. Kwa maoni yangu, abiria aliyekuwa akiogopa kuitwa mjuaji alipata wa kumuunga mkono, hata kama ni karatasi tu. Aliyepanda hiace ya Masasi anaelewa. Wa kwanza akisema, "Dereva, taratibu bwana," watu hutazama nje dirishani. Wa pili akidakia, "Kweli, tuna watoto humu," mguu unaondoka kwenye mafuta.

Kukemea si kupiga. Kipigo cha umati ni jinai, tena huhamishia huruma kwa mkosaji. Sisi wa kusini tuna utani: mtani anakuuliza mbele za watu, "Huyu samaki kafa au kauawa?" Unacheka huku imekuingia. Ila mwenye baruti ni mtu wa hatari, usimkabili peke yako. Taarifa ipelekwe kwa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, au polisi.

Na kususa hakuhitaji maneno. Mchuuzi wa kwanza anamrudisha changu kwenye tenga, wa pili anapita, wa tatu anauliza bei kwenye dau jingine. Jua linapanda, barafu inayeyuka, tenga bado limejaa.