Miksa ya sarafu inavyoficha, na inaposhindwa

Ukimlipa fundi bomba kwa simu, anaona jina lako na kiasi ulichotuma, basi. Salio lako halioni. Ukimlipa kwa etha, sarafu ya kidijitali ya mtandao wa Ethereum, akishajua anwani yako anaweza kufungua daftari la Ethereum, ambalo kila muamala umo wazi kwa yeyote, usiku huohuo akasoma una kiasi gani, nani alikulipa, na juzi ulimtumia nani. Mimi nalisoma daftari hilo kila siku kufuatilia fedha zilizoibwa, na ndiyo maana sikubali kwamba kila anayetafuta miksa, yaani huduma ya kuchanganya sarafu za watu wengi ili isijulikane ipi ni ya nani, ni mwizi.

Miksa za zamani ziliendeshwa na mtu. Unamtumia bitkoini, anazichanganya na za wengine, anakata kamisheni yake, anakurudishia nyingine kwenye anwani mpya. Bitcoin Fog ilifanya hivyo tangu 2011 hadi 2021. Lakini hapo unamwamini usiyemjua: anaweza kutoweka na fedha, au akawa ameandika mahali nani alileta nini.

Tornado Cash, iliyoanza 2019, ilimwondoa mtu huyo. Ilibaki programu yenye vibubu vya viwango maalumu: etha 0.1, 1, 10 na 100. Kiwango kimoja kwa wote ndiyo siri ya kwanza. Watu 50 wakitumbukiza noti ya shilingi 10,000 kila mmoja, noti inayotoka haisemi ni ya nani.

Siri ya pili ndiyo inayonivutia hadi leo. Unapoweka, kompyuta yako inatunga namba ya siri na kuipitisha kwenye kinu cha hesabu. Daftarini unaingia unga tu, na unga haurudi kuwa mahindi. Unapotoa, unaleta uthibitisho kwamba unaijua siri ya mojawapo ya akiba zilizomo, bila kusema ipi. Uthibitisho huo huambatana na namba nyingine, ili siri moja isitoe fedha mara mbili.

Hesabu zenyewe hazina kasoro. Watu ndio wanaoacha nyayo. Pochi moja, yaani akaunti ya kutunzia sarafu, ikiweka etha 100 mara saba, kisha baada ya siku mbili pochi mpya ikatoa etha 100 mara saba, sihitaji kuvunja hesabu yoyote. Mwingine hutoa fedha zake vizuri kabisa, halafu anaipelekea pochi mpya etha kidogo ya kulipia ada ya mtandao kutoka pochi yake ya zamani. Amezifunga pamoja kwa mkono wake. Na kibubu chenye watu wanne hakimfichi mtu.

Machi 2022 Ronin, mtandao wa sarafu za mchezo wa kompyuta wa Axie Infinity, uliibiwa zaidi ya dola milioni 600. Marekani ilisema wezi ni kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini, na sehemu ya fedha hizo ilipita Tornado Cash. Agosti 8 mwaka huo Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea Tornado Cash vikwazo. Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum, alijitokeza kusema aliitumia kuichangia Ukraine. Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba programu isiyoweza kubadilishwa na yeyote si mali ya mtu, kwa hiyo haiwekewi vikwazo kama mali. Naona ilipatia. Vikwazo viliondolewa Machi 2025.

Muda wote huo vibubu viliendelea kupokea na kutoa, kwa kuwa waliovitengeneza walishautupa ufunguo wa kuvibadilisha tangu 2020.