Mtoto akikabwa, usifungue apu yangu

Jumamosi kwenye kikao cha harusi, hata ajenda ya michango haijafika, shemeji yangu akanitambulisha kwa watu: "huyu ndo aliyetengeneza ile apu, mtoto akikabwa na karanga unaifungua tu inakuelekeza." Watu wakapiga makofi. Nikatabasamu, nikanywa soda, ila moyoni nishachoka, maana maneno hayohayo nimeyasikia kwa wafadhili, kwa walimu wa chekechea, kwa mama yangu mzazi, na juzi kuna mtu kanishauri eti niweke akili bandia mzazi awe anaiuliza maswali wakati mtoto anageuka bluu.

Jamani. Mtoto aliyekabwa kabisa, hewa haipiti, ana dakika chache tu kabla ubongo haujaanza kuharibika. Sasa wewe toa simu, weka paterni, umekosea maana mkono unatetemeka, weka tena, itafute apu katikati ya magemu ya huyohuyo mtoto, simu yenyewe ramu giga 2 imejaa picha za grupu la ukoo, subiri ifunguke, chagua umri. Niliwahi kuwashtukiza majirani kwa mdoli na saa ya kuhesabu sekunde, nikaacha kupima kwa aibu.

Kwahiyo sehemu ya kukabwa nimeitengeneza kwa ajili ya jana yake usiku. Ni mazoezi. Chini ya mwaka mmoja unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, unapiga mgongoni mara 5, unamgeuza, unasukuma kifuani mara 5, tumbo lake huligusi. Zaidi ya mwaka unapiga mgongoni 5 halafu unasukuma tumboni juu ya kitovu 5. Usichokonoe kooni kwa kidole kitu usichokiona. Na kama anakohoa kwa nguvu muache akohoe, huyo kapaliwa, hajakabwa. Hayo yakae mikononi kabla ya siku yenyewe. Ukikurupuka ukaifungua siku hiyohiyo basi sauti inaanza kukuelekeza papo hapo bila kukuuliza chochote, lakini hiyo ni kuokoteza.

Simu inafaa pale penye muda, na hapa ndo watu hawataki kunisikiliza. Chukua kuungua. Chai imemmwagikia mtoto, unatakiwa umpooze kwa maji yanayotiririka dakika 20. Ishirini, sio kunawa. Maji ya bomba yamekatika? Ndoo na kata, unamwagia taratibu. Barafu hapana, ute wa yai hapana, dawa ya meno hapana, unga hapana, naomba nisirudie. Dakika 20 mtoto akilia ni ndefu kama foleni ya Mwenge jioni, hakuna anayezifikisha kwa kukisia, kwahiyo taima ina kazi ya maana hapo. Nikaiweka, nikajipongeza.

Nesi wa watoto ninayefanya naye kazi akaijaribu nyumbani kwake, akarudi anacheka. Skrini ikiwa na maji inajibonyeza yenyewe! Matone mawili tu taima imerudi sifuri. Sisi tulikuwa tunajaribu ofisini, mikono mikavu, feni inapepea, wakati mwenye shida ameshika kata. Sasa kuizima lazima ubonyeze na kushikilia, na dakika zinatajwa kwa sauti. Halafu zile simu za bei ya chini zinaua apu yoyote iliyo nyuma ili kutunza betri, kwahiyo mama akipokea simu ya baba mtoto, taima imekufa kimyakimya. Dawa yake ni kutohesabu sekunde kabisa, unahifadhi saa aliyoanza, apu ikifufuka inatoa hesabu upya. Mistari michache ya kodi ya programu, imenila wiki mbili kuigundua. Video, ambayo kila mtu anadhani ndo apu yenyewe, tulirekodi siku moja.

Na kichanga aliyeungua sehemu kubwa nacho kinaniumiza kichwa, maana maji mengi yanaweza kumshusha joto mwili mzima. Tumeandika "funika sehemu ambazo hazijaungua". Inatosha? Sina uhakika kama mtu aliyechanganyikiwa anaisikia hata hiyo.

Degedege ni vilevile. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, na angalia saa. Zikipita dakika 5 haijakata ni hatari kubwa, na hata ikikata mpeleke, apimwe malaria. Kule hospitali wanauliza ilichukua muda gani na kila mzazi anajibu "muda mrefu", basi taima tena. Toleo la kwanza nililiita jambo hili "mtukutiko" kwa sababu kamusi, nikashangaa hakuna anayelifungua. Watu walikuwa wanatafuta degedege, mjinga mimi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa: usimtapishe, maziwa usimpe, mkimbize hospitali. Kitufe cha 112 kipo, ila chini yake nimeweka nafasi ya namba ya jirani mwenye gari au bajaji, ujaze siku unayopakua.

Kinachoninyima usingizi ni apdeti. Mwezi wa kumi 2025 miongozo ya Marekani ya huduma ya kwanza ilibadilika, kukandamiza kifua cha kichanga ambaye moyo umesimama kwa vidole viwili imetolewa, sasa ni dole gumba mbili ukimzungushia mikono kifuani, au sehemu ya chini ya kiganja kimoja, karibu na kifundo cha mkono wako. Nilibadilisha picha wiki hiyohiyo. Lakini apu niliifanya ifanye kazi bila bando, nikajisifia sana kwa hilo, na matokeo yake kuna simu huko zina vidole viwili mpaka leo na sina namna ya kuzifikia. Wala sijui kama kuna mtoto hata mmoja amepona kwa sababu yake. Idadi ya waliopakua ninayo, ila kupakua ni kupakua.

Shemeji kaomba linki baada ya kikao. Nimemtumia, nikamwambia leo kabla ya kulala achukue mdoli wa mwanae afanye mazoezi mara tatu. Kanijibu dole gumba.