Kabla hujanunua kabati jingine la mafaili

Ofisi ikinipigia simu kuhusu mafaili, mara nyingi imeshaamua: inataka kabati jingine, au chumba cha jirani. Mimi naomba kwanza futi kamba.

Sisi watu wa masjala hatuhesabu mafaili kwa makabati. Tunayapima kwa mita. Unapita kila rafu na kila droo, unapima upana wa mafaili yaliyosimama, unajumlisha. Rundo lililo juu ya kabati limo, na maboksi ya chini ya meza ya mhasibu nayo yamo, hata kama mwenyewe atakuambia "hayo achana nayo".

Kisha pima sakafu. Kabati la chuma la droo nne hubeba kama mita 2.4 za mafaili, sentimita 60 hivi kwa droo. Likiwa limefungwa linaonekana dogo, lakini droo ikivutwa inatoka sentimita 60 nyingine, na anayetafuta faili naye anahitaji pa kusimama. Ukijumlisha hayo yote, limekula karibu mita ya mraba 0.8. Ni mita 3 za mafaili kwa kila mita ya mraba. Sasa chukua rafu za wazi za ngazi sita, upana sentimita 90, kina sentimita 35. Zinabeba mita 5.4, na mistari miwili ikitazamana na kutumia ujia mmoja wa sentimita 75, unafika mita 8 kwa mita ile ile ya mraba. Ndiyo maana sipendi makabati ya droo, isipokuwa kwa majalada ya siri yanayohitaji kufuli.

Lakini kuna uzito. Rimu ya karatasi za A4, zile za gramu 80 kwa mita ya mraba, ina kilo 2.5 na unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo mita moja ya karatasi zilizobanwa ni kilo 50. Mafaili yana hewa ndani, tuseme kilo 35. Mita 8 zinakuwa kilo 280, na sakafu nyingi za ofisi hujengwa kubeba kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Umeshafika ukingoni hata kabla ya kuhesabu chuma cha rafu. Rafu zile zinazotembea juu ya reli huongeza nafasi sana, ila ghorofani usizifunge kabla mhandisi wa majengo hajakupa jibu kwa maandishi.

Hata hivyo, nafasi kubwa zaidi haitoki kwenye rafu. Inatoka ndani ya mafaili yenyewe. Hati moja ya malipo utaikuta kwa mhasibu, kwa ugavi, stoo, na kwa mkurugenzi aliyependa kubaki na nakala yake. Utakuta fomu tupu za mfumo uliokwishaachwa, na katalogi za wauza vifaa. Na boksi faili! Kila moja linakula sentimita 8 za rafu hata likiwa na karatasi ishirini. Hamishia karatasi hizo kwenye majalada ya kawaida uone rafu inavyopumua.

Baada ya hapo tenganisha yaliyo hai na yaliyo tuli. Jalada ambalo halijaguswa mwaka mzima halina haki ya kukaa karibu na meza ambayo kodi ya pango lake mnailipa kwa mita. Lipeleke stoo ya nje, ndani ya boksi lenye namba na mwaka wa kuteketezwa. Mwaka huo haukisiwi. Kwa kodi ya serikali, sheria ya Tanzania inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka mitano. Majalada ya watumishi hukaa muda mrefu zaidi. Ofisi ya umma hairuhusiwi kuteketeza chochote kwa uamuzi wake yenyewe: chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, lazima ipitie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Na kuteketeza maana yake ni kuteketeza. Wapo wanaouza karatasi kwa kilo, kisha hati ya mshahara ya mtu inaonekana mtaani imefungiwa karanga. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo si la kuchekwa tena. Tumia mashine ya kukatia karatasi, au choma mbele ya shahidi na muandike orodha.

Wengi huniuliza, si tuskani tu yote? Skani, lakini baada ya kuchambua. Vinginevyo utalipia kuskani nakala nne za hati moja, na karatasi bado zitabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyeidhinisha ziondolewe.

Ukipanga upya, acha robo ya kila rafu tupu. Ngazi ya chini iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa ajili ya maji na mchwa, na kwa ofisi za Pwani acha mwanya kati ya rafu na ukuta wa nje, maana unyevu hupenyea hapo. Zoezi la kutoa majalada tuli liwe kila Julai, hesabu za mwaka zikishafungwa, na lipewe mtu mmoja kwa jina kwenye barua. Likiachiwa "idara husika", halifanyiki.