Mbao ngumu ya kale haifai kila sehemu ya udi

Wengi husema mbao ya mlango au jahazi la kale, maadamu ni ngumu na nzito, lazima itoe udi mzuri, yaani ile ala ya muziki yenye nyuzi. Si kweli. Uso wa udi, yaani ubao wake wa mbele, hutikiswa na nyuzi, kwa hiyo unataka mbao nyepesi lakini kakamavu, iliyopunguzwa hadi unene wa milimita 2 hivi. Ndiyo maana mafundi hupenda mbao za jamii ya msonobari, zenye uzito wa kilo 400 hivi kwa mita ya ujazo. Mpingo hupita kilo 1,000 na huzama majini. Kwa klarineti, ala ya kupuliza, hauna mfano, ila ukiuweka usoni mwa udi utaiua sauti.

Mninga au mvule wa mlango uliobomolewa usiutupe, unafaa mgongo. Shika kipande kwa vidole viwili, karibu robo ya urefu wake kutoka nchani, ukigonge katikati. Kikilia kwa mlio mrefu, kina uhai. Kikifa papo hapo, tafuta ufa au matundu ya wadudu.

Mbao ya jahazi naiogopa zaidi: chumvi iliyomo huvuta unyevu, na masika yakifika hulowana tena.