Rais mpya na bei za sokoni
Vijiweni Kariakoo imezoeleka kusemwa kwamba uwezo wa rais mpya kiuchumi huonekana katika bei za miezi yake ya kwanza. Kalenda yenyewe inakanusha. Uchaguzi wetu Tanzania hufanyika Oktoba, ilhali mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ndiyo maana John Magufuli, aliyeapishwa tarehe 5 Novemba 2015, alianza kazi kwa bajeti ya 2015/16 iliyopitishwa na Bunge wakati wa Jakaya Kikwete. Imani ya wananchi kwa rais katika miezi hiyo ya kwanza (nayo si jambo dogo) hupima matumaini tu. Hata mafuta, yanayogusa hadi bei ya nyanya, hupangiwa bei kikomo na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi kwa kufuata soko la dunia na thamani ya shilingi.